Kitanda Usichokilalia: Usingizi wa Mtoto na Kazi ya Daktari

Wahenga walinena kwamba kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Methali hii nimeiandika katika insha mara nyingi tangu shule ya msingi, lakini maana yake niliipata mwaka jana, 2025, usiku, jikoni kwetu hapa Malakisi, nikiwa na tochi na daftari. Ndugu msomaji, katika makala hii nataka kueleza jambo moja tu. Mtoto mdogo akiwa na shida ya usingizi, daktari peke yake hawezi kuijua, kwa maana yeye humwona mtoto mchana akiwa macho. Shida yenyewe iko usiku, na usiku daktari hayupo. Walioko ni mama, ni kukhu, na ni sisi ndugu tunaolala mkeka mmoja na mtoto. Tusipompelekea daktari habari za usiku, atatibu kile anachokiona mchana.

Tulivyodhani

Kitinda mimba wetu wakati huo alikuwa na miaka 5, yuko PP2. Mimi na yeye hulala jikoni, kama watoto wengi wa kwetu, na wazazi hulala nyumba kubwa. Mtoto huyu alikuwa anakoroma. Si kukoroma kwa mtu aliyeshikwa na mafua siku mbili, la hasha! Alikoroma kama mzee aliyeshinda shambani akipalilia mahindi. Alilala mdomo wazi, shingo ameirudisha nyuma, na jasho likamtoka hata katika baridi ya mwezi wa saba. Alikojoa mkekani karibu kila usiku. Kumwamsha asubuhi ilikuwa vita. Mwalimu wake naye akamwambia mama ati mtoto hatulii, mara anapanda juu ya dawati, mara amelalia kitabu.

Kila mtu alikuwa na maelezo yake. Baba alisema ni uvivu na ukosefu wa kiboko. Jirani mmoja alisema mtoto anasumbuliwa na mizimu. Mwingine akasema ni kilimi, yaani kile kinyama kinachoning'inia kooni, ambacho wengine hukiita kimeo, na kwamba yeye anamjua mzee wa kukikata. Nashukuru mama alikataa. Kilimi kikikatwa kwa wembe nyumbani, mtoto anaweza kutokwa na damu nyingi, kidonda kikaoza, au akapata pepopunda. Kilimi hakina kosa lolote katika habari hii.

Na mimi je? Niseme ukweli ingawa naona haya. Mimi nilikuwa nampiga kiwiko ili anyamaze nipate kulala, na asubuhi nikamcheka mbele ya wenzake kwa kukojoa. Sikujua kwamba nilikuwa nampiga mgonjwa.

Safari ya kwanza

Mama alimpeleka mahali fulani pa matibabu ambapo sitapataja. Akaulizwa, "Mtoto ana nini, mama?" Mama akajibu, "Anakohoakohoa, na halali vizuri." Wakati huo mtoto mwenyewe alikuwa anarukaruka juu ya benchi kama mbuzi aliyefunguliwa kamba. Akapimwa malaria, hana. Akapewa dawa ya kikohozi, wakarudi. Wiki moja baadaye mambo yakawa ni yaleyale, na mama akasema madaktari wa siku hizi hawajui kitu.

Nilipofikiria baadaye niliona kwamba na sisi tulikuwa na makosa. "Halali vizuri" ni maneno gani? Ni kama kumpelekea fundi baiskeli na kumwambia "inasumbua", bila kusema kama ni breki, ni mnyororo, au ni pancha. Fundi ataangalia magurudumu, na shida iko kwenye pedeli.

Safari ya pili

Baadaye alipita kwetu mhudumu wa afya ya jamii. Hawa wahudumu mmewaona wakipita nyumba kwa nyumba na mikoba yao. Mwezi wa Septemba 2023 serikali ilizindua wahudumu kama 100,000 nchini kote. Huyu wa kwetu alisikiliza yote, akatuandikia barua ya kwenda kituo kingine. Huko mama alimkuta afisa wa kliniki, ambaye sisi sote humwita daktari tu. Daktari huyo hakushika kalamu ya dawa kwanza. Aliuliza: Mtoto hulala saa ngapi? Huamka mara ngapi? Hukoroma kila usiku au siku za mafua peke yake? Huwa ananyamaza katikati ya kukoroma? Hukojoa saa ngapi? Anapoamka analia, huwa anakutambua au macho yako wazi na hakujui?

Mama hakuwa na majibu. Yeye hulala nyumba nyingine. Daktari akauliza, "Nani analala na huyu mtoto?" Mama akasema ni ndugu yake. "Basi mama, kesho uje na huyo ndugu yake."

Ndipo nikakosa masomo siku moja, nikaenda. Kwa mara ya kwanza maishani mwangu daktari aliniuliza mimi maswali, akaandika nilichosema. Kisha akanipa kazi: niandike usiku wa mtoto kwa siku 14. Akanionya nisikeshe, maana na mimi ni mwanafunzi. Nimwangalie mtoto kabla sijalala, kisha simu ya mama initie macho mara moja usiku wa manane na mara moja kabla ya alfajiri, dakika chache tu. Mchana mama aandike anavyoshinda.

Usingizi ni kitu gani?

Kabla sijaendelea na daftari, inafaa tuelewe kwa nini saa ni muhimu hivyo. Wengi wetu tunadhani usingizi ni kama kuzima taa, ukishazima ni giza moja mpaka asubuhi. Sivyo. Mwaka wa 1953, katika Chuo Kikuu cha Chicago kule Marekani, Eugene Aserinsky na mwalimu wake Nathaniel Kleitman walitangaza kwamba kuna wakati katika usingizi ambapo macho hukimbia huku na huku chini ya kope, na kwamba ndoto nyingi hutokea hapo. Mmoja wa watu wa kwanza ambao Aserinsky aliwapima kwa mashine yake alikuwa mtoto wake mwenyewe mwenye miaka 8. Kwa hiyo hata elimu hii kubwa ilianza kwa mzazi kumtazama mtoto wake amelala.

Tangu hapo wataalamu wamejua kwamba usingizi huenda kwa mizunguko. Kuna usingizi mwepesi, kuna usingizi mzito, na kuna huo wa ndoto, kisha mzunguko unaanza tena. Kwa mtu mzima mzunguko mmoja huchukua kama dakika 90, na kwa mtoto mchanga kama dakika 50. Usingizi mzito huwa mwingi mwanzo wa usiku. Huo ndio wakati ambapo mwili wa mtoto hutoa kwa wingi homoni ya kumkuza. Usingizi wa ndoto huzidi kuelekea alfajiri.

Sasa angalia faida yake. Mtoto akipiga mayowe saa moja au mbili baada ya kulala, macho wazi, hamtambui mtu, na asubuhi hakumbuki, hiyo aghalabu ni hofu ya usingizi mzito. Inatisha kutazama lakini watoto wengi huipita wanapokua. Lakini akiamka alfajiri akilia na akakueleza habari za fisi aliyemfukuza, hiyo ni ndoto mbaya ya kawaida. Kilio ni kilekile, ila saa ni tofauti, na daktari atakuambia maneno tofauti. Ukimwambia tu "mtoto hulia usiku" umemnyima nusu ya habari.

Mambo ambayo daftari hufichua

Shida ya usingizi mara nyingi si ugonjwa wenyewe. Ni moshi, na moto uko mahali pengine. Haya ni baadhi ya mambo ambayo daktari huyatafuta.

Kwanza, minyoo midogo. Mtoto hujikuna makalio usiku, kwa sababu minyoo ya kike hutoka nje kutaga mayai wakati huo. Dawa yake ni rahisi, na nyumba nzima hutibiwa.

Pili, pumu. Kikohozi au kifua kubana usiku wa manane na kabla ya alfajiri, mchana mtoto ni mzima.

Tatu, kifafa. Kuna aina ambayo hutokea usingizini peke yake, hasa mtoto anapoanza kulala au anapokaribia kuamka. Mdomo huvutwa upande mmoja, mkono hutetemeka kwa namna ileile kila mara. Watu wakidhani ni mizimu, miaka hupita bila dawa.

Nne, maumivu. Sehemu zetu za magharibi zina watoto wengi wenye ugonjwa wa selimundu. Mtoto anayeamka akilia mifupa inauma, mikono au miguu imevimba, apimwe damu.

Tano, njia ya hewa iliyoziba. Huyu ndiye aliyekuwa ndugu yangu, na nitaeleza hivi karibuni.

Lakini kuna na jambo la mtoto kulala mchana na kukesha usiku, ambalo lina historia kubwa pande zetu hizi. Mwanzoni mwa karne ya 20, ugonjwa wa malale uliua watu zaidi ya 200,000 karibu na Ziwa Viktoria, hasa Uganda, ambako sisi wa Malakisi tunavuka kwa Lwakhakha. Kati ya 1902 na 1903 ndipo vijidudu vyake vilipoonekana katika miili ya wagonjwa kule Entebbe, ikajulikana kwamba vinaletwa na mbung'o. Vijidudu hivyo vikifika kwenye ubongo huvuruga saa ya mwili, mtu akasinzia mchana na kukesha usiku. Hapa Kenya mgonjwa wa mwisho aliyeambukizwa humu nchini alionekana mwaka wa 2009, na mwezi wa Agosti 2025 Shirika la Afya Duniani lilithibitisha kwamba Kenya imeushinda malale kama tatizo la afya ya umma. Nimelitaja hili kwa sababu katika ugonjwa ule pia, watu wa nyumbani ndio walioweza kuona kwamba usiku na mchana vimebadilishana mahali.

Usiku 14

Mwanzoni niliona kazi hii ni ya bure. Usiku wa kwanza niliandika hivi: "Amelala saa mbili na nusu. Saa nne anakoroma. Saa sita anakoroma. Saa kumi amekojoa." Usiku wa tatu ndio ulionishtua. Nilikuwa nimemmulika kando kwa tochi, akawa anakoroma, halafu kimya. Kifua kilikuwa kinapanda na kushuka kama anayevuta kitu kizito, lakini hewa haikuingia. Nikahesabu moja, mbili, tatu, mpaka kumi na mbili. Kisha akashtuka na kuvuta pumzi kwa kishindo, kama mtu aliyeibuka kutoka Mto Malakisi, akageuka, akaanza tena kukoroma. Mikono yangu ilitetemeka. Nilikaa nikitazama mpaka nikaona mara nne. Miaka yote ile niliposikia ule ukimya, nilikuwa nashukuru kwamba amenyamaza.

Asubuhi nilimweleza mama. Usiku uliofuata alikuja mwenyewe, akamrekodi kwa simu dakika tatu. Alilia. Baba alipoiona ile picha hakutaja uvivu tena.

Siku ya kurudi, daktari alisoma daftari lote na kutazama simu mara mbili. Halafu akamwambia mtoto afungue mdomo. Mafindo yake ya kooni yalikuwa makubwa, yamekaribia kukutana. Akatueleza kwamba nyuma ya pua kuna nyama nyingine za namna hiyohiyo ambazo hazionekani kwa kufungua mdomo. Kazi ya nyama hizi ni kupigana na vijidudu. Kwa watoto wadogo, hasa miaka 3 hadi 6, huwa kubwa kuliko nafasi iliyopo, kisha hupungua mtoto anapoendelea kukua. Mchana misuli ya koo hukaza na kuacha njia wazi. Usiku misuli hulegea, njia inafungwa. Ubongo ukiona hewa imekosekana humwamsha mtoto kidogo tu, avute pumzi, alale tena. Mtoto hajui kwamba ameamka, lakini anaamka hivyo mara nyingi sana. Ndiyo sababu anatoka jasho, anakojoa, hakui vizuri, na asubuhi ni kama hakulala. Na tofauti na mtu mzima ambaye husinzia, mtoto asiyelala vizuri mara nyingi huwa mtundu asiyetulia. Kumbe lile dawati lilipandwa kwa ajili ya usingizi!

Tukatumwa Bungoma kwa mtaalamu wa masikio, pua na koo. Eksirei ya shingo upande ikaonyesha njia ya hewa imebaki nyembamba. Akapewa dawa ya kupuliza puani kwa wiki 6, na tukaambiwa mtoto asilale mahali penye moshi. Hapo ndipo tulipohama jikoni. Wenzangu ambao kwao hukausha tumbaku kwa moto, nanyi fikirieni mahali watoto wanapolala.

Baada ya wiki 6 niliandika tena usiku 14. Kukoroma kulipungua, lakini kukata pumzi kulibaki usiku 9 kati ya 14. Bila kuandika tungesema tu "amepata nafuu" na kurudi nyumbani. Kwa sababu ya hesabu ile, alitumwa Eldoret kufanyiwa upasuaji, likizo ya Desemba. Tuliuza mahindi magunia mawili na mjomba akasaidia. Daktari wa nusukaputi naye aliuliza habari za pumzi za usiku kabla ya kumlaza, maana mtoto wa namna hii huhitaji kuangaliwa zaidi akishapewa dawa ile.

Jinsi ya kushirikiana na daktari

Kutokana na hayo, naomba tuyashike haya:

1. Andika kwa siku 14: saa ya kulala, saa na idadi ya kuamka, kukoroma, kunyamaza, kukojoa, na jinsi mtoto alivyoshinda mchana. Daftari la kawaida latosha.

2. Mwende pamoja na yule anayelala na mtoto, hata kama ni mtoto mwenzake au kukhu. Kama simu ipo, rekodi dakika mbili au tatu.

3. Usifiche kitu. Mficha uchi hazai. Kama mmempa mitishamba, kama kuna moshi, kama mtoto anachapwa kwa kukojoa, semeni. Beba na kitabu cha kliniki.

4. Usimpe mtoto dawa ya mafua ili asinzie, wala dawa yoyote ya usingizi, bila daktari kusema. Kwa mtoto kama ndugu yangu, kulegeza misuli zaidi ni hatari.

5. Uliza. Si utovu wa adabu kusema, "Daktari, unafikiri ni nini? Nikiona nini nirudi upesi? Nirudi lini?" Na siku uliyopewa urudi, hata kama mtoto ana nafuu.

6. Usingojee siku 14 ukiona midomo imegeuka rangi ya samawati au kijivu, mbavu zinaingia ndani kwa kutafuta hewa, degedege, homa na shingo kukakamaa, au mtoto haamki. Hapo ni kukimbia hospitalini usiku uohuo.

Pengine hakuna ugonjwa wowote, mtoto halali tu muda wa kutosha. Shirika la Afya Duniani lilisema mwaka wa 2019 kwamba mtoto wa miaka 1 hadi 2 anahitaji saa 11 mpaka 14 kwa siku, na wa miaka 3 hadi 4 saa 10 mpaka 13. Wataalamu wa Marekani walikuwa wametaja mwaka wa 2016 saa 9 mpaka 12 kwa miaka 6 hadi 12, na saa 8 mpaka 10 kwa sisi vijana. Wanaoamka saa kumi za usiku kusoma, hesabuni wenyewe.

Na walimu wetu wapendwa, tunawaomba kitu kimoja. Mwanafunzi anayelala darasani kila siku, kabla ya adhabu, ulizeni: usiku wako ulikuwaje? Labda hakuna mtu amewahi kumwuliza.

Ndugu yangu sasa yuko gredi ya kwanza. Mkeka hukauka siku nyingi, na mwalimu wake hajaita mama tena. Lakini siku ya kwanza aliyolala nyumbani baada ya kupona niliamka katikati ya usiku kwa woga. Kulikuwa kimya kabisa. Niliwasha tochi, nikaweka mkono juu ya kifua chake. Kilikuwa kinapanda na kushuka polepole, mdomo umefungwa. Nikazima tochi, nikalala.